Semina, kozi ya simu, mfumo wa kompyuta au mapitio ya mafaili wodini: ipi itamfanya daktari wako aandike sawasawa?

Mama mmoja aliletwa kwetu usiku akitokea zahanati ya pembezoni mwa jiji. Mimba ya miezi minane, presha iko juu, kichwa kinauma, macho yanaona ukungu. Barua ya rufaa ilikuwa na mistari miwili: "Dalili za kifafa cha mimba. Amepewa magnesiamu. Tunaomba msaada wenu." Amepewa kiasi gani, saa ngapi, mshipani au kwenye msuli, haikusema.

Dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia mama asikakamae, kwa utaratibu wa sindano za msuli, ni gramu 4 mshipani na gramu 10 kwenye misuli, yaani gramu 5 kila tako. Kama alishaipata yote na sisi tukamrudishia, pumzi zingeweza kukatika. Kama hakuipata na sisi tukasubiri, angeweza kuanza kukakamaa pale pale kitandani. Simu ya zahanati iliita bila kupokelewa. Sista wa zamu, mama aliyekaa leba miaka mingi, akamlaza mgonjwa ubavu na kumulika kwa tochi ya simu: vipande viwili vya pamba vimebandikwa plasta, kimoja kila tako. Mumewe akasema, "Alichomwa kabla ya adhana ya isha. Sindano zilikuwa nzito, alilia." Tukagonga goti kuona kama linaruka, tukahesabu pumzi, tukaweka mpira wa mkojo, tukahesabu saa kuanzia isha. Mama na mtoto walirudi nyumbani wazima, lakini jibu lililopaswa kuwa kwenye karatasi tulilitafuta kwenye mwili wa mgonjwa.

Tabibu aliyemtuma alitibu vizuri kabisa. Alichokosa ni dakika moja ya kalamu. Tangu usiku ule suala la kuwafundisha madaktari na matabibu kuandika limekuwa langu, na nimepita kwenye njia zote nne zinazotumika hapa Dar es Salaam, nyingine kama mwanafunzi, nyingine kama mkufunzi. Nawaandikia waganga wafawidhi na wenye hospitali ambao mwaka huu wana fedha kidogo na saa chache, na wanapaswa kuchagua.

Kabla ya kuchagua, jua kinachokosekana

Mwaka 1968 daktari Mmarekani, Lawrence Weed, aliandika kwenye New England Journal of Medicine kwamba faili lipangwe kwa kufuata matatizo ya mgonjwa, kila tatizo na mantiki yake. Kutokana na fikra zake tukapata mpangilio wa mambo manne ambao kila aliyepita chuo cha udaktari anaujua kwa moyo: mgonjwa anasema nini, mimi nimeona na kupima nini, nafikiri ni nini, nitafanya nini. Muulize mtarajali yeyote, yaani daktari aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, atakutajia bila kusita.

Kisha fungua faili alilolishika wiki nzima. Utakuta "Hali nzuri. Aendelee na dawa zilezile," siku tano mfululizo, saini moja isiyosomeka. Elimu anayo. Ila raundi ina wagonjwa arobaini, na hakuna mtu anayesoma alichoandika. Mtu asiyesomwa huacha kuandika. Hicho ndicho kipimo changu kwa njia hizi nne: je, inaleta msomaji?

Semina ya siku moja

Hii ndiyo inayochaguliwa zaidi kwa sababu ni rahisi kupanga. Unakodi ukumbi Sinza au katikati ya jiji, mkufunzi anakuja na projekta, watu wanapata cheti na pointi za mafunzo endelevu. Wote wanasikia jambo moja kwa siku moja. Kwa mambo yanayohitaji kauli moja ya hospitali nzima, semina ni nzuri kweli.

Mfano bora ni cheti cha sababu ya kifo. Fomu ya Shirika la Afya Duniani ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mnyororo: mstari wa juu unaandika kilichoua moja kwa moja, mistari ya chini inaandika kilichosababisha hicho, mpaka ufike kwenye mzizi. Ya pili ni magonjwa mengine yaliyochangia. Wengi wetu huandika "moyo kusimama" kisha tunafunga faili. Kila aliyekufa moyo wake umesimama, kwa hiyo hujamwambia mtu kitu. Ukiandika "kuvuja damu kwenye ubongo", na chini yake "shinikizo la juu la damu, miaka kumi", familia imeelewa, na taifa nalo limehesabu kifo kimoja cha presha. Jambo hili nimeliona likishikwa ndani ya saa mbili za semina, watu wakipewa visa vya kujaza wenyewe na kusahihishana. Wakisomewa tu slaidi halishikwi.

Udhaifu wake ni kesho yake asubuhi. Daktari anarudi kwenye wodi ileile, wagonjwa walewale arobaini, na hakuna anayemuuliza kama ameandika. Angalia na hesabu ya saa. Madaktari 20 wakikaa semina saa 8, umetumia saa 160 za kazi. Kwa mapitio ya wodini nitakayoyaeleza chini, daktari mmoja anatumia dakika 45 kwa mwezi. Madaktari 20 ni saa 15, na ukiongeza saa 3 za msimamizi ni 18. Saa za semina moja zinakupa karibu miezi tisa ya mapitio, tena hujalipa ukumbi wala posho.

Kozi ya kwenye simu

Hapa nitakuwa mfupi. Ni nafuu, inafaa kwa anayefanya zamu za usiku, na anaweza kurudia sehemu asiyoielewa. Kwa kanuni za jumla inatosha: usiache mstari wazi, ukikosea piga mstari mmoja na uweke saini, usifute kwa wino mweupe, andika "yuniti" kwa kirefu kwa sababu herufi U iliyobanana na tarakimu husomwa sifuri na yuniti 10 za insulini zikawa 100. Lakini kozi haimsomi daktari wako. Nyingi zimetungwa kwa mgonjwa anayezungumza Kiingereza na daktari anayeandika Kiingereza, na mgonjwa wa Temeke hayumo humo. Itumie kama maandalizi ya mtarajali kabla hajaripoti, basi.

Fomu zilizopangwa na mfumo wa kompyuta

Fomu nzuri ni mwalimu anayekaa wodini usiku na mchana. Mwaka 2009 yalitoka matokeo ya orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyojaribiwa katika hospitali za miji minane, mmoja wao Ifakara yetu ya Morogoro. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi moja, lakini ilisomwa kwa sauti na watu watatu chumbani. Sharti hilo la kusomwa kwa sauti watu hulisahau wanapoagiza fomu mpya kiwandani.

Kompyuta ina faida zake, na mimi ni mtetezi wake. Maandishi yanasomeka, saa inajiandika yenyewe, majibu ya maabara hayapotei njiani, na madai ya bima hayarudi kwa kukosa utambuzi wa ugonjwa. Lakini imeleta kosa ambalo karatasi haikuwa nalo: kunakili noti ya jana. Nimefungua noti za mgonjwa ambaye kwa siku nne alikuwa na presha ileile mpaka tarakimu ya mwisho, na siku ya tatu kati ya hizo alikuwa chumba cha upasuaji. Wodi ikikosa umeme au mtandao, daktari anaandika kwenye karatasi ya pembeni akisema atahamisha baadaye, na zamu inaisha.

Kuna mapitio makubwa ya tafiti za nchi za kipato cha chini na cha kati, yaliyochapishwa kwenye Lancet Global Health mwaka 2018. Yaliangalia mbinu za kuboresha kazi za wahudumu wa afya kwa ujumla, si mafaili peke yake, lakini kwa anayechagua yana uzito. Teknolojia peke yake, kwa makadirio ya kati, iliongeza pointi 1.0 tu za asilimia. Vipeperushi na miongozo iliyochapishwa, 1.4. Mafunzo peke yake au usimamizi peke yake, kati ya 10.3 na 15.9. Mafunzo pamoja na usimamizi, kati ya 18.0 na 18.8. Kwa hiyo anayenunua kompyuta akidhani amenunua na mafunzo, asubiri kwanza.

Mapitio ya mafaili wodini

Mapitio yanafanyika hivi. Siku moja ya wiki, saa ileile, daktari bingwa au daktari mzoefu anakaa na madaktari watano au sita wa wodi, kwa kupokezana ili kila mmoja apate zamu yake mara moja kwa mwezi, na mafaili matano mezani. Mafaili hayachaguliwi na mtu. Chukua, kwa mfano, yale yanayoishia na namba 7. Kila faili linapimwa kwa maswali machache yasiyobadilika. Kuna tarehe na saa? Jina la mwandishi linasomeka? Mzio wa dawa umeulizwa? Kuna wazo la ugonjwa na sababu yake? Dozi, njia na muda wa dawa vipo? Daktari wa usiku ambaye hajawahi kumwona mgonjwa huyu angeweza kuendelea kutoka hapa? Dakika 45, kisha watu wanarudi kazini.

Nguvu ya njia hii sijaiona kwenye nyingine yoyote, na sababu ni lugha. Sisi tunasikiliza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza. Katikati ya sikio na kalamu vitu vinapotea, na hakuna semina iliyowahi kunionesha vinapotelea wapi. Nilivikuta mezani siku moja ya Jumatano, saa nane mchana.

Mtarajali alikuwa amempokea mzee wa miaka 61, mwenye kisukari. Ameandika nimonia, imeanza saa 03:00 usiku. Nikamwuliza, "Dokta, mzee alikwambia nini, kwa maneno yake mwenyewe?"

"Alisema ana kichomi, Dokta. Tangu saa tatu usiku."

Saa tatu usiku ya mzee ni 21:00. Kalamu imeandika 03:00, na saa sita za ugonjwa zimefutika. Halafu kichomi. Vitabu vinakitafsiri nimonia, lakini mzee wa Mbagala akisema kichomi anaweza kuwa anasema tu kwamba kifua kinachoma. Tukainuka wote sita tukaenda kitandani. "Mzee, shikamoo. Hicho kichomi kinakaa wapi?" Akaweka kiganja katikati ya kifua, akakipandisha mpaka kwenye taya. Alasiri ile ile akapimwa umeme wa moyo. Mtarajali yule hajaandika tena "kichomi" bila kuuliza kinakaa wapi, na hajaandika saa bila kuigeuza kichwani kwanza. Mimi nami nilijifunza, kwa sababu faili nililolisoma kwenye raundi asubuhi, na nikalisaini, ni hilohilo.

Orodha ya maneno ya namna hii ni ndefu. Mgonjwa akisema "presha ya kushuka" anaweza kumaanisha kizunguzungu tu. "Ngiri" kwa mmoja ni henia, kwa mwingine ni maumivu ya hedhi. "Degedege" kwa bibi aliyemleta mjukuu ni ugonjwa kamili wenye tiba yake ya kienyeji, kwa hiyo anaweza asikuambie kabisa kama mtoto alikuwa na homa kwa siku tatu kabla. Tuliamua wodini kwamba lalamiko la mgonjwa liandikwe kwanza kwa Kiswahili chake, ndani ya alama za kunukuu, ndipo tafsiri ifuate. Ni nusu mstari tu, na umetuokoa mara nyingi.

Mapitio pia yanaonesha kwamba noti nzuri si ndefu. Ya zamani: "Siku ya 3. Hali nzuri. Dawa zilezile." Ya sasa, nikiiweka hapa kwa Kiswahili: "Siku ya 3, 08:40. Anasema kifua kimepungua, bado anakohoa usiku. Joto 37.9, jana 39.1. Pumzi 24. Oksijeni 95 bila mashine. Nimonia inaelekea kupona. Seftriaksoni iendelee leo. Kesho vidonge kama joto litashuka chini ya 37.5. Nimemweleza yeye na dada yake." Niliipima kwa saa ya mkononi, ilichukua chini ya dakika mbili. Daktari wa usiku akiisoma ana la kufanya.

Utafiti nao una la kusema. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 140 za ukaguzi na mrejesho, yalikuta ongezeko la kati la pointi 4.3 tu za asilimia. Si kubwa, na nisingependa mtu aahidiwe muujiza. Lakini yalionesha pia ni lini mrejesho unafanya kazi zaidi: hali ya mwanzo ikiwa mbaya, anayetoa mrejesho akiwa msimamizi au mwenzako wa kazi, ukirudiwa zaidi ya mara moja, ukitolewa kwa mdomo na kwa maandishi, na ukiwa na lengo na mpango. Mapitio ya kila wiki yanatimiza masharti hayo yote. Ukaguzi wa mara moja kwa mwaka, unaoishia kwenye ripoti ya kabatini, hautimizi hata moja.

Hatari zake nimeziona. Kubwa ni kuyageuza mahakama. Hospitali moja ilianza vizuri, kisha makosa yakaanza kupelekwa utawalani na majina, na ndani ya miezi miwili watarajali walikuwa wanajaza mafaili upya Jumanne jioni. Hapo umewafundisha kughushi. Majina ya waandishi yabaki mezani, na anayepelekwa utawalani awe yule aliyeghushi tu. Hatari ya pili ni bingwa mwenyewe kutoandika. Watarajali huiga mkono wanaouona. Ya tatu ni kupiga picha kurasa na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp "kwa ajili ya kujifunza". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye zile nyeti. Faili lisitoke wodini, na kisa chake kikitumika darasani jina, namba na mtaa wa mgonjwa vifunikwe.

Sasa chagua

Kama una hospitali yenye wodi, watarajali na angalau bingwa mmoja aliye tayari kukaa dakika 45 kila wiki, usisite: mapitio ya mafaili, yakitanguliwa na nusu siku ya semina ya mazoezi ili wote waanze na maswali yaleyale. Fedha iliyobaki nunua fomu ya kukabidhiana zamu, siyo ukumbi wa pili.

Kama una polikliniki ambayo madaktari wake wanakuja jioni wakitoka kazi nyingine na kuondoka, hutawapata mezani. Hapo weka nguvu kwenye fomu au mfumo usiokubali kufunga ziara bila utambuzi, dozi na tarehe ya kurudi, na uzuie kunakili noti nzima. Kisha umwajiri mtu mmoja, hata kwa siku mbili za wiki, asome mafaili kumi na kumpigia daktari mhusika simu. Simu ya dakika tatu kuhusu faili lako mwenyewe haisahauliki kama kozi ya saa tatu.

Zahanati ya matabibu wawili Chanika au Kigamboni haihitaji semina yangu. Inahitaji barua ya rufaa yenye nafasi zilizochapwa tayari: dawa, kiasi, njia, saa, nani ametoa, na namba ya simu itakayopokelewa usiku. Na inahitaji hospitali inayopokea irudishe majibu. Hili la mwisho ni deni letu sisi wa hospitali kubwa. Tunalalamikia barua mbovu lakini hatumjulishi aliyeandika mgonjwa wake alifikaje. Yule tabibu wa magnesiamu nilimpigia asubuhi yake, nikamwambia mama amejifungua na nikamwambia kuhusu plasta mbili. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Asante, Dokta. Hakuna aliyewahi kunipigia." Rufaa iliyofuata kutoka kwake ilikuwa na saa, gramu, na tako lipi la mwisho kuchomwa.

Kama hakuna mkubwa hata mmoja wa kusoma mafaili, usianze mapitio. Yatakufa wiki ya tatu na yatakuharibia nafasi ya kuyarudisha. Anza kwa kumtafuta huyo mtu. Ukishampata, Jumatano ya kwanza mwekee mezani mafaili matano, na la kwanza kufunguliwa liwe aliloliandika yeye.